Resident Evil 4: ya zamani au mpya?
Ndugu yangu, umeuliza kama Resident Evil 4 ya 2023, mchezo wa video wa kutisha, inastahili kununuliwa na mtu aliyekwisha kuimaliza ile ya 2005. Inastahili, kwa kuwa Capcom, kampuni iliyoitengeneza, haikuipaka rangi tu bali iliijenga upya: zamani Leon, mhusika mkuu, alilazimika kusimama tuli ndipo afyatue risasi, ilhali sasa hulenga huku akitembea, na kisu chake, ambacho huchakaa kwa kutumiwa, huweza kukinga hata msumeno wa injini. Ila kwa sisi wa Kondele, Kisumu, tunaolipia kwa saa katika kibanda cha michezo ya video, hadithi yake ni ndefu na huchezwa na mtu mmoja. Anayetaka kumshinda rafiki yake (na wengi huja kwa hilo) afadhali achague mchezo wa video wa kandanda.