Jicho kali, mabawa ukungu

*Shikamoo mwalimu. Nina lenzi ya makro ya milimita 100, na nzi wakavu niliowaokota dirishani. Jicho likitoka safi, mabawa yanakuwa ukungu. Nikiyapata mabawa, jicho linapotea. Nimefunga tundu la lenzi hadi f/22, picha yote ikawa butu, hata jicho lenyewe. Rafiki yangu anasema nipige picha nyingi nizirundike kwenye kompyuta, ila kwanza ninunue reli ya kusogezea kamera. Nianzie wapi?*
— Mpiga Nzi

Marahaba, mwanangu. La picha nyingi msikilize rafiki yako, la reli liache kwanza.

Ukikisogelea kitu hadi kufikia ukubwa halisi, yaani 1:1, namba ya tundu hufanya kazi kama imezidishwa mara mbili. Hiyo f/22 yako ilikuwa sawa na f/44, na mwanga ukibanwa kwenye kitundu kidogo namna hiyo husambaa na kulainisha kila kitu. Hata lenzi bora kuliko zote haikwepi hilo. Rudi f/8, au f/5.6. (Kamera za Nikon hukuonyesha namba iliyokwisha kuzidishwa, kwa hiyo usishtuke lenzi ya f/2.8 ikigoma kuifikia f/2.8 ukiwa karibu.)

Kwa sensa ya milimita 36 kwa 24, ukiwa 1:1 na f/8, sehemu iliyo kali ina unene usiofika milimita moja. Nzi wa nyumbani ana urefu wa milimita 6 au 7. Ukimpiga uso kwa uso unahitaji vipande vingi, ukimpiga ubavuni vichache. Anayeanza namwambia aanze na ubavu. Kurundika fokasi ni kupiga vipande hivyo vyembamba kimoja baada ya kingine, kisha programu ichukue palipo pakali katika kila kimoja. Programu haibuni. Kinyweleo ambacho hakikuwa kikali katika picha hata moja hakitakuwa kikali kwenye mrundo. Wengi hukwama hapo: wanahangaika kubadilisha programu wakati tatizo liko mezani, kwenye nzi na kamera.

Kwa hiyo kabla ya nzi, piga rula. Ilaze mshazari, nyuzi 45, mbele ya lenzi. Piga picha moja, ikuze, uhesabu vistari vya milimita vilivyo vikali, uzidishe kwa 0.7. Hicho ndicho kipande chako. Kila unaposogeza fokasi, sogea chini ya hapo, ili picha ipande juu ya iliyotangulia kwa theluthi hivi. Nzi wa uso kwa uso atakutoa picha kama 15.

Sasa mpige. Kamera iwe kwenye tripodi, na kila kitu ukipange mwenyewe: tundu, kasi ya shata, ISO, rangi ya mwanga. Kizuia mtikisiko kizime. Kuza skrini ya nyuma utafute kilicho karibu nawe kuliko vyote. Kwa nzi mara nyingi si jicho, ni ukucha wa mguu wa mbele au kinyweleo cha kipapasio. Leta fokasi mbele ya hapo, hewani kabisa, na picha ya kwanza uipige bila chochote kilicho kikali. Zungusha pete ya fokasi kidogo, subiri, piga kwa kipima muda cha sekunde 2, zungusha tena, hadi uipite ncha ya bawa. Picha mbili za ziada mwanzoni na mwishoni hazikupunguzii kitu. Moja ikikosekana katikati, unaanza upya. Acha nafasi pembeni mwa fremu pia, maana pete ikizunguka ukubwa wa picha hubadilika kidogo, na programu ikizilinganisha itakata kingo. Feni izimwe. Nzi mkavu ni mwepesi kiasi kwamba pumzi yako tu inamgeuza.

Kama kamera yako inajisogezea fokasi yenyewe, iache ifanye: Olympus walikuwa nayo tangu 2015, Nikon D850 ikatoka nayo 2017, Canon EOS RP 2019. Ila ile namba ya hatua kwenye menyu si milimita. Rudi kwenye rula uone 1 inasogeza kiasi gani na 5 kiasi gani.

Taa iwe na karatasi nyeupe mbele yake. Bila hivyo jicho la nzi linapata doa jeupe, na doa hilo linatembea hadi mwisho wa mrundo.

Kwenye kompyuta, rekebisha faili zote kwa vipimo vilevile, usiguse moja peke yake. Photoshop inaweza kazi hii: unazipakia kama tabaka, unaiamuru izilinganishe, kisha izichanganye. Kwa mdudu mwenye manyoya mimi natumia Zerene Stacker, kwa sababu ina njia mbili zinazokamilishana. PMax hushika kinyweleo kinachopita juu ya kingine, ila huongeza chengachenga na kukoleza picha kupita kiasi. DMap hutunza rangi na ulaini wa mgongo, lakini vinyweleo vikipishana huchanganyikiwa na kuacha ukungu pembezoni mwake. Natoa zote mbili, halafu kwa brashi napaka vinyweleo vya PMax juu ya mwili wa DMap. Inachosha, ndiyo, na ndiyo sehemu ninayoipenda. Helicon Focus nayo ni nzuri. Usiyetaka kulipa, tafuta Hugin na Enfuse, za bure.

*Mwalimu, na panzi aliye hai je?*
— Wa Bustanini

Alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka na panzi hajapata joto la kurukia. Tripodi iache. Weka fokasi ya mkono mbele kidogo ya uso wake, piga mfululizo huku ukiinama kumwelekea polepole, na flashi iwe nguvu ndogo, 1/16 au chini yake, ili iwahi kujichaji. Nyingi utazitupa. Nne au tano zinazopangika zinatosha kichwa. Wapo wanaomtia mdudu kwenye friji atulie, kisha wanasema wamemkuta porini. Siwaungi mkono.

*Nina reli, na lenzi inayofika 2:1, yaani mara mbili ya ukubwa halisi. Mrundo wangu wa mgongo wa mbawakavu una mistari inayojirudia: mkali, ukungu, mkali, ukungu. Ni kompyuta mbovu?*
— Mistari

Kompyuta haina hatia, hatua zako ni ndefu mno. Kwa 2:1 na f/5.6, kipande kikali kina unene wa robo milimita tu, na kila mstari wa ukungu ni pengo uliloliruka. Reli yenyewe umechagua vyema, maana ukivuka 1:1 ni afadhali kusogeza kamera kuliko kuzungusha pete. Angalia mzunguko mmoja wa kipini unasogeza kiasi gani. Ikiwa ni milimita moja, usizidishe sehemu ya sita ya mzunguko kwa kila picha. Kata duara la karatasi, lichore mistari sita, ulibandike kwenye kipini ili usikisie.

Na uzungushe upande mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Skurubu ina ulegevu. Ukigeuza, kipini kinazunguka kidogo kabla kamera haijasogea, na hapo unapata picha mbili za mahali pamoja. Ukipitiliza, rudi nyuma hadi kabla ya picha ya kwanza, uje upya kwa uelekeo uleule. Mrundo ulio nao hauokoleki. Kama mbawakavu bado yuko kwenye pini yake, mpige tena.