Dumbak kwanza, kompyuta baadaye

Kijana wa Wete, Pemba, kaniandikia: ana pesa za kitu kimoja, anunue padi za umeme, zile za kugonga kompyuta ikatoa sauti ya ngoma, au dumbak, ngoma yetu ya mkono ya taarabu? Nimemjibu yeye, lakini najua tuko wengi tunaotaka mikono yetu isikike nje ya visiwa hivi.

Nunua dumbak, mdogo wangu. Chukua ya Kimisri, ya aluminiamu yenye uso wa plastiki. Ya udongo na ngozi ina utamu wake, siukatai, lakini masika yakiingia ngozi inalegea, utashinda unaikanza kwenye makaa na wenzako wameshaanza kupiga. Ngozi nawaachia wa kidumbak, ile taarabu ya kuchezwa mitaani. Pale ngoma mbili, moja nzito moja nyepesi, lazima zisemezane. Ongeza mkwasa, vijiti vya kugonganisha, na cherewa, manyanga ya kutikisa. Vifuu vya nazi na mbegu havina gharama.

Kwenye programu za kurikodi, Audacity ni ya bure na inatosha kujifunzia. Mimi natumia Reaper: unaijaribu siku 60, leseni ya mtu binafsi dola 60, na kompyuta ya kawaida inaibeba. Weka bafa, yaani sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuitoa, iwe sampuli 128, vile vipande vidogo vya sauti. Ukiiacha 1,024, kwa sampuli 44,100 kila sekunde, pigo linachelewa zaidi ya milisekunde 23 kukufikia masikioni, na mkono unaanza kulisubiri.

Studio moja ya mjini ilinirikodi usiku mzima. Wimbo ulipotoka, kila pigo langu lilikuwa limevutwa kwenye mistari ya kompyuta inayogawa muda sawasawa, na mengine yamefutwa, zikawekwa sauti za kununua. Jina langu halikutajwa. Mpaka leo nikiusikia kwenye daladala roho inaniuma. Lile pigo linalobaki nyuma kidogo ya fidla ndilo taarabu yenyewe! Nimelipata kwa wazee wangu, nikikaa pembeni yao na rika, lile tari dogo, mkononi, na mtu kalinyoosha kwa kitufe kimoja.

Sasa narikodi mwenyewe chumbani Kikwajuni, mjini Unguja, na wanamuziki wa Dar es Salaam wananitumia nyimbo zao niwapigie. Kitufe kile sikigusi. Na wewe usikiguse. Kosea, rudia, piga tena mpaka mkono ukae.

Ukiitwa studio ya mtu, kabla hujaketi dai mawili: nakala ya mapigo yako yasiyoguswa, na jina lako kwenye wimbo. Wakikataa, beba dumbak yako uondoke.