Maswali ya Wasomaji: Je, Bunduki Isiyotumia Baruti ni Silaha ya Moto Kisheria?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu tumebishana kwa muda mrefu bila kupata mwafaka. Yeye anashikilia kwamba bunduki ya upepo si silaha ya moto kwa kuwa haina baruti, na kwamba mwenye nayo hana sababu ya kuulizwa kibali. Mimi naona kwamba kitu chochote chenye mtutu, kinachotoa risasi inayoweza kuua, ni bunduki tu, na serikali ina haki ya kukidhibiti. Nani kati yetu yuko sahihi mbele ya sheria? Na je, hizi silaha mpya zinazosukuma risasi kwa sumakuumeme ziko upande gani?

JIBU: Ndugu msomaji, wewe na shemeji yako kila mmoja ana sheria ya kumtetea, ila sheria zenyewe si za nchi moja. Watunga sheria wamegawanyika juu ya jambo la msingi, yaani kama bunduki idhibitiwe kwa sababu ya nguvu inayoisukuma risasi, au kwa sababu ya madhara ambayo risasi hiyo inaweza kuyafanya ikishatoka mtutuni.

Shemeji yako atajisikia nyumbani katika sheria ya shirikisho ya Marekani. Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 inaitambua silaha ya moto kuwa ni silaha inayorusha kitu kwa nguvu ya kilipuzi, au iliyoundwa kufanya hivyo, au inayoweza kubadilishwa kwa urahisi ili ifanye hivyo. Springi, upepo ulioshindiliwa na gesi ya kabonidayoksaidi si vilipuzi, kwa hiyo bunduki inayotumia nguvu hizo haimo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto inafuata kigezo hicho hicho cha kilipuzi, na Umoja wa Ulaya katika agizo lake la mwaka 2021 unazungumzia silaha yenye mtutu inayorusha kitu kwa nguvu ya kitu kinachowaka.

Uzuri wa kigezo hiki ni kwamba ni rahisi kukitumia, maana huhitaji mizani wala maabara kujua kama ndani ya risasi mna baruti. Ubaya wake ni kwamba mara nyingine hutoa majibu ya ajabu. Chukua kifaa cha Taser, kile kinachorusha vishale viwili vyenye nyaya ili kumpiga mtu shoti ya umeme. Kifaa cha awali cha mvumbuzi wake, Jack Cover, kilirusha vishale hivyo kwa baruti kidogo, na mwaka 1976 mamlaka za Marekani ziliamua kwamba hicho ni silaha ya moto. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wakaiondoa baruti na kuweka gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa, na kifaa kikatoka nje ya tafsiri ya sheria. Aliyepigwa na vishale asingeona tofauti yoyote, lakini muuzaji aliiona mara moja, kwa kuwa vikwazo vya biashara ya bunduki havikumhusu tena.

Kisa cha pili ninakipenda zaidi kwa sababu kinakwenda kinyume. Kampuni ya Daisy, inayojulikana kwa bunduki za upepo, ilitoa mwishoni mwa miaka ya 1960 bunduki iliyoitwa V/L. Kwa nje na kwa namna ya kuikoki ilifanana na bunduki yoyote ya springi. Lakini risasi yake haikuwa na ganda: nyuma yake kulikuwa kumebandikwa kidonge cha kemikali inayowaka, na springi ilipouachia upepo kwa kishindo, upepo huo ulipata joto kali kiasi cha kukiwasha kidonge. Hapakuwa na kiwashio cha kawaida, wala nyundo ya kugonga kitako cha risasi. Hata hivyo, kilichoisukuma risasi kilikuwa ni moto, na mamlaka ziliamua kwamba hiyo ni silaha ya moto. Kampuni haikuwa na leseni ya kutengeneza silaha za namna hiyo, na mwaka 1969 utengenezaji ukasimama.

Wewe nawe, ndugu msomaji, utajisikia nyumbani Uingereza. Sheria ya Silaha za Moto ya huko, ambayo nayo ni ya mwaka 1968, haitaji baruti katika tafsiri yake ya msingi. Inazungumzia silaha yenye mtutu, ya aina yoyote ile, inayoweza kuua na inayoweza kufyatua risasi au kitu kingine. Mtindo huo wa maneno ni wa zamani kuliko sheria yenyewe, na umo katika sheria za nchi kadhaa zilizowahi kutawaliwa na Waingereza. Kwa miaka mingi mzozo ulikuwa juu ya maana ya kuweza kuua. Mwaka 1960 mahakama ilieleza kwamba si lazima silaha iwe imeundwa kwa nia ya kuua; inatosha ikiwa inaweza kusababisha jeraha linaloweza kuleta kifo, hata kama ni kwa kutumiwa visivyo. Hatimaye sheria ya mwaka 2017 ikaweka kipimo: silaha inahesabiwa kuwa inaweza kuua ikiwa risasi yake inatoka mtutuni na nishati inayozidi jouli 1.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo naomba uvumilivu wako. Kuhesabiwa kuwa silaha ya moto ni jambo moja, na kuhitaji kibali ni jambo jingine. Katika Uingereza na Wales, bunduki ndefu ya upepo isiyozidi takribani jouli 16, na bastola ya upepo isiyozidi takribani jouli 8, ni silaha ya moto kisheria lakini haihitaji cheti cha polisi. Mwenye nayo bado anabanwa na masharti mengine, kama vile umri wa mnunuzi na katazo la kuibeba mahali pa watu bila sababu ya msingi. Bunduki ndefu ikipita kiwango hicho inahitaji cheti kama bunduki nyingine, na bastola ikipita inaingia katika kundi la silaha zilizopigwa marufuku. Uskoti imekaza zaidi, kwani tangu tarehe 31 Desemba 2016 hata zile dhaifu zinahitaji leseni. Unafuu huo wa kutohitaji cheti, tena, hapo awali ulitolewa kwa upepo tu. Hadi sheria ya mwaka 1997 iliporekebisha jambo hilo, bunduki ya gesi ya kabonidayoksaidi ilihitaji cheti hata kama nguvu yake ilikuwa ndogo kuliko ya ile ya upepo iliyokuwa ikiuzwa bila cheti.

Ujerumani ina mpango unaofanana na huo kwa sura: bunduki ya upepo ni silaha ya kurusha risasi, ila ikiwa haizidi jouli 7.5 na imegongwa alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano, mtu mzima anaweza kuinunua bila leseni. Kanada inahitaji vipimo viwili kwa pamoja, yaani mwendo unaozidi meta 152.4 kwa sekunde na nishati inayozidi jouli 5.7, ndipo masharti ya leseni yaanze kufanya kazi. Lakini kwa makosa ya jinai huko huko Kanada, mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba bastola ya upepo isiyofikia vipimo hivyo bado ni silaha ya moto ikiwa inaweza kusababisha jeraha baya, na katika mashauri hayo uwezo wa kutoboa jicho la binadamu umehesabiwa kuwa ni jeraha baya.

Kwa maoni yangu kipimo cha nishati ni cha haki zaidi. Mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo ya Girandoni, ambayo kitako chake kilikuwa chupa ya hewa na ghala lake lilibeba risasi zipatazo 20, wakati askari wa kawaida wa enzi hizo alikuwa akishindilia risasi moja moja. Leo zipo bunduki za upepo zenye nguvu ya kumwangusha mnyama mkubwa. Na upande wa pili, fundi anayepigilia misumari kwenye zege kwa mashine ya vibweta vya baruti hana silaha, ingawa baruti anayo. Baruti peke yake haitoshi kutuambia hatari iko wapi.

Kuhusu silaha za sumakuumeme, kanuni ni hizo hizo. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani si silaha za moto, maana hakuna kilipuzi, na tayari zimeuzwa huko kwa msingi huo. Kwa tafsiri ya Uingereza, ikiwa ina mtutu na inapita jouli 1, ni silaha ya moto, na kwa kuwa unafuu wa sheria uliwekwa kwa ajili ya upepo na kabonidayoksaidi, mwenye silaha ya umeme hawezi kujificha ndani yake.

Mwambie shemeji yako pia kwamba hata Marekani asitembee kifua mbele. Jimbo la New Jersey linaziingiza bunduki za upepo, za springi na za gesi ndani ya tafsiri yake ya silaha ya moto. Vilevile sheria ya shirikisho, inapofika kwenye kundi la vifaa vya uharibifu (destructive devices), ambamo zimo silaha zenye tundu la mtutu linalozidi nusu inchi, inaongeza maneno yasiyokuwepo mwanzo: haisemi kilipuzi tu, inasema kilipuzi au kisukumaji kingine. Upo msamaha kwa vitu visivyotarajiwa kutumika kama silaha, ila mlango haukufungwa. Atakayesoma kifungu cha kwanza tu na kuishia hapo anaweza kujikuta pabaya.

SWALI: Nimesikia kwamba Marekani bunduki ya upepo ni huru, lakini kizuia sauti chake kinaweza kukupeleka jela. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana kwa sababu sheria ile ile ya mwaka 1968 imekihesabu kizuia sauti chenyewe kuwa ni silaha ya moto, hata kikiwa hakijafungwa kwenye chochote. Hoja inabaki kama kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya upepo ni kizuia sauti kwa maana hiyo. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ya shirikisho ilitengua hukumu ya mtu aliyeshtakiwa kwa kifaa cha namna hiyo, ikisema kwamba haitoshi kifaa kuweza kupunguza sauti ya bunduki ya baruti. Ni lazima kusudi lake liwe ni hilo. Uamuzi huo ulimsaidia yeye, lakini usiuchukue kama ruhusa. Ndiyo maana bunduki nyingi za upepo hujengwa na kizuia sauti kisichobanduka, ili kisiweze kuhamishiwa kwenye bunduki nyingine.

SWALI: Mtu akifanya uhalifu kwa bunduki ya upepo isiyo na hata risasi moja, anaweza kujitetea kwamba hakuwa na silaha ya moto?

JIBU: Katika Uingereza utetezi huo haumfikishi mbali, kwa kuwa makosa kama kumtisha mtu kwa bunduki yanahusu silaha ya moto au kitu chenye sura ya silaha ya moto, kiwe kinafyatua au hakifyatui. Mpaka wake ulipimwa mwaka 2005 katika shauri la mshtakiwa aliyeweka mkono ndani ya koti na kuusukuma kwa vidole ili ionekane ameshika bunduki. Alikuwa amekiri wizi wa kutumia nguvu. Kilichobishaniwa kilikuwa ni kosa la kuwa na bunduki bandia. Mabwana wa Sheria, yaani majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo, waliamua kwamba kosa hilo halikuwepo, kwa sababu mtu hawezi kusemwa kuwa na kitu ambacho hakitengani na mwili wake.