Kabla hujaiandikia roboti kazi ya hesabu, keti na karani

Wewe uliyepangiwa majuzi ofisi ya fedha ya umma na kuambiwa utatengeneza roboti, nakuandikia kutoka Lamu, baada ya miaka saba katika kazi hiyohiyo. Kwanza jina. Wenzetu wa Nairobi husema "boti", lakini hapa boti ni chombo cha kuvukia Mokowe, kwa hiyo tuseme roboti tuelewane.

Roboti tunayoizungumzia haina mikono wala macho. Ni programu inayofanya yale anayoyafanya karani kwenye kompyuta: inafungua mfumo, inaingiza jina na nywila, inasoma tarakimu huku, inazibandika kule, inahifadhi, kisha inakwenda mstari unaofuata. Serikali huzitaka roboti hizi kwa sababu mifumo yake haisemezani. Kwetu Kenya matumizi yanaandikwa kwenye IFMIS, yaani mfumo wa serikali wa kusimamia fedha, mapato mengi yanaingia kwa simu kupitia paybill, ile nambari ya kupokelea malipo ya M-Pesa, taarifa ya benki inakuja kwa faili lake, na kodi inapelekwa kwa iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Kila mmoja ana skrini yake, na katikati ameketi mtu anayehamisha tarakimu kutoka skrini moja hadi nyingine mpaka macho yanawaka. Marekani nako hali ilikuwa hiyo: mwaka 2018 ofisi ya bajeti ya Ikulu yao ilitoa waraka wa kuzitaka idara zihamishe watu kutoka kazi za kurudiarudia, na roboti zikatajwa kuwa njia mojawapo. Kwa hiyo usione kwamba umepewa kitu cha majaribio. Ni kazi ya kweli, na kosa lake pia ni la kweli.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, mstari kwa mstari. Kanuni za fedha za umma za 2015 zinataka kila akaunti isuluhishwe kila mwezi, na taarifa iwe imewasilishwa kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Aliyekuwa akiifanya ni mzee mmoja ambaye ofisi nzima tulimwita Ami. Nilimwendea kwa pupa. Nikamwomba anionyeshe hatua zake, nikaandika hatua kumi na nne, nikamshukuru, nikaenda kujifungia na kompyuta wiki mbili. Roboti ikatoka. Kazi iliyokuwa ikimchukua Ami siku tatu, yenyewe ikaimaliza kabla chai haijapoa.

Lakini iliacha malipo zaidi ya mia bila mwenzake. Nikayachapisha, nikampelekea Ami kwa haya kidogo. Akavaa miwani, akashusha kidole hadi mstari wa nne: shilingi 15,000, na pale pa kuandika nambari ya akaunti mlipaji ameandika "DUKA", basi.

"Huyu ana ndugu zake wawili," akasema. "Maduka matatu, elfu tano tano. Hulipa kwa simu moja."

"Ami, hili limeandikwa wapi?"

"Halikuandikwa, mwanangu. Nalijua tu."

Akaendelea kushuka. Hii hapa pesa ilirudishwa na benki, tazama kiasi ni kilekile ila kimekuja upande wa pili. Hii imepungua kwa sababu benki imekata ada yake kabla ya kuileta. Hii ililipwa Ijumaa jioni, mwezi ukaisha, benki ikaiandika Jumatatu. Huyu alibonyeza herufi O badala ya sifuri. Kwa saa moja hakufungua kitabu chochote. Mimi nilikuwa nimeandika hatua kumi na nne nikadhani nimeichukua kazi yake, kumbe nilichukua ile sehemu asiyohitaji kuifikiria.

Hili ndilo ninalokusihi kuliko yote. Usianze na programu. Keti na karani angalau mzunguko mmoja mzima wa mwezi, tangu faili la benki linapowasili hadi sahihi ya mwisho. Usimuulize "hatua zako ni zipi?", maana atakutajia zile za kwenye mwongozo. Muulize: lini ulisimama? Ulimpigia nani simu? Mstari upi huuamini, na kwa nini? Kila anapovuta pumzi na kurudi nyuma kutazama tena, andika. Hapo ndipo kazi ilipo.

Nilipoketi na Ami mara ya pili nilikaa siku nne, tukagawa mambo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yenye kanuni isiyoyumba: nambari ya muamala ni ileile, kiasi ni kilekile, tarehe zimeachana siku tatu au chini ya hapo. Hayo yakaenda kwa roboti. Fungu la pili ni yale yanayotaka mtu. Roboti haiyagusi. Inayaweka kwenye orodha, na mbele ya kila mstari inaandika sababu ya kuuacha: "kiasi hakilingani", "jina halipo", "imerudishwa". Roboti yako ikiwa na shaka, isimame. Utashawishika kuifundisha kukisia ili orodha ya mabaki ionekane fupi na wakubwa wafurahi. Usikubali. Pesa iliyowekwa kwa mtu asiye wake ni deni la uongo kwa mmoja na msamaha wa uongo kwa mwingine, na huyo mmoja atakuja dirishani na risiti mkononi akiambiwa hajalipa.

Mwezi wa tatu nilifanya kosa lililoniweka ofisini hadi usiku. Roboti ilikuwa inaingiza stakabadhi kwenye daftari la fedha, intaneti ikakatika katikati. Iliporudi nikaianzisha tena, na ikaanza mwanzo kama ilivyofundishwa. Zilizokwisha kuingia zikaingia mara ya pili. Kwenye skrini hapakuwa na rangi nyekundu hata moja, kila mstari uliandikwa "imefaulu". Daftari likaonyesha mapato ambayo hatukuwa nayo. Wazee wetu wa baharini wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hesabu ni hivyohivyo: izunguke itakavyozunguka, marejeo yake ni kwenye taarifa ya benki. Huko ndiko tulikoligundua. Na katika hesabu za umma hufuti ingizo. Unaandika ingizo la kulitangua, unaeleza sababu, mtu anatia sahihi. Nilifanya hivyo kwa kila stakabadhi, moja baada ya moja, na wakubwa wangu wakasubiri nami.

Tangu hapo roboti zangu zote zinauliza kabla ya kuandika: je, nambari hii ya muamala imo tayari? Muamala wa M-Pesa una msimbo wake wa herufi na tarakimu kumi usiojirudia, huo ndio ufunguo wako, wala si jina wala kiasi. Pia kila roboti inahesabu mara mbili, mistari mingapi na jumla ya shilingi ngapi zilizoingia, mistari mingapi na jumla ngapi zilizotoka. Zisipolingana, kazi nzima inasimama hata ikiwa tofauti ni shilingi moja. Wengine wataona ni ukali uliozidi. Mwaka 2020 nchini Uingereza wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye takwimu za kila siku kwa sababu faili la mtindo wa zamani wa Excel lina nafasi ya mistari 65,536 tu, na iliyozidi ikaachwa nje. Kuhesabu mistari mwanzo na mwisho kungetosha kuwaamsha.

Tarehe nazo zichunge. Tuliwahi kupokea faili lililotanguliza mwezi kabla ya siku. Roboti ikasoma tarehe 3 Aprili kuwa 4 Machi, ikaridhika. Siku 12 za kwanza za mwezi zilipita kimyakimya zikiwa karibu zote zimepotoka, tarehe 13 ndiyo iliyopiga kelele kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Nambari za akaunti pia zifunge kama maandishi, si kama tarakimu, maana Excel hula sifuri ya mbele, na nambari ikizidi tarakimu 15 hugeuza za mwisho kuwa sifuri.

Sasa nywila. Siku moja mkubwa atakuambia, kwa nia njema kabisa, "Chukua yangu, iweke humo, iidhinishe yenyewe tusicheleweshe watu." Kataa kwa adabu, na kataa kwa maandishi. Roboti iwe na akaunti yake, kwa jina linaloonyesha kuwa ni roboti, yenye ruhusa ya kusoma na kuandaa tu. Anayeandaa malipo na anayeyaidhinisha ni watu wawili tangu zamani, na sababu yake haijabadilika. Ukiipa roboti nywila ya mkubwa umemfanya aidhinishe vitu akiwa amelala, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atakapouliza ni nani aliyebofya, jina litakalotokea ni lake. Katiba ya 2010, kifungu cha 228, imempa Mdhibiti wa Bajeti kazi ya kuidhinisha utoaji wa fedha kwenye mifuko ya umma baada ya kujiridhisha kuwa sheria inaruhusu. Kujiridhisha ni kazi ya mwanadamu.

Kisa cha Australia nimekisimulia kwa kila kijana niliyemfundisha. Kuanzia katikati ya muongo uliopita serikali yao iliweka utaratibu wa kompyuta wa kuwasaka waliopokea msaada wa serikali kupita kiasi. Watu wakauita Robodebt. Mfumo ulichukua mapato ya mtu ya mwaka, ukayagawa sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, ukalinganisha na alichokuwa ametangaza. Sasa fikiria baharia wetu hapa anayepata sana msimu wa kaskazi na karibu hapati kitu kusi ikivuma: ukigawa mapato yake sawasawa, kila wiki ya njaa itaonekana amedanganya. Barua za madeni zilitumwa, na mwananchi ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kuwa hadaiwi. Mwaka 2019 serikali ilikiri mahakamani kuwa deni lililodaiwa kwa njia hiyo halikuwa na msingi wa sheria. Mwaka uliofuata ikatangaza kurejesha dola milioni 721 za nchi hiyo, kwa madai 470,000. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake Julai 2023, na ndani yake mna habari za familia zilizopoteza watoto wao. Hesabu ya kugawa ilikuwa sahihi. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza kama inafaa kugawa.

Uchague kazi gani kuanza nayo? Inayorudiwa mara nyingi, isiyopita skrini nyingi, na ambayo kosa lake laweza kutanguliwa. Usianze na malipo. Usianze Juni, mwaka wa fedha unapofungwa tarehe 30 na kila mtu anakimbia. Usiifundishe roboti kubofya kwa kupima mahali kwenye skrini, maana mfumo ukisogeza kitufe kidogo tu itabofya pasipo. Ifundishe kukitafuta kitufe kwa jina lake. Na mfumo ukiwa na mlango rasmi wa kupitishia data, pitia huo, uiache roboti. Roboti ni ya pale ambapo mlango haupo. Vifaa havikosekani: UiPath, kampuni ya programu za kutengenezea roboti, wana mafunzo ya bure mtandaoni, na Python, lugha ya kuandikia programu, haina gharama. Faili zenye majina na nambari za simu za walipaji usizibebe nyumbani kwenye kompyuta yako, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu wewe pia.

Makarani watakuuliza, wengine kwa mdomo na wengine kwa macho, kama umekuja kuwatoa. Usiwajibu kwa maneno matamu. Kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu, nenda kwa mkubwa, mkubaliane saa zitakazookolewa zitakwenda wapi, kisha uwaambie. Kwetu zilikwenda kwenye masurufu, yaani pesa anazotangulizwa afisa kwa matumizi ya kazi. Kanuni zinamtaka afisa aliyechukua masurufu ya safari ayarudishie hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurejea kituoni, na kwa miaka hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kuwafuatilia. Sasa yupo. Zile hoja za wakaguzi zilizokuwa zikijibiwa usiku wa mwisho, sasa zinajibiwa zikiwa bado za moto.

Ami amebakiza mwaka mmoja astaafu. Kila asubuhi roboti ikimaliza inamwachia orodha ya mabaki, naye huipitia kwa kalamu, na mbele ya kila mstari anaandika kwa mkono wake kile alichokuwa "anajua tu": maduka matatu, ndugu, huyu hulipa nusu kabla ya Ramadhani, nambari hii ilibadilishwa, ya zamani imo ukurasa wa nyuma. Daftari limefika la pili sasa, na kila robo mwaka tunakaa kuona ni maneno yapi yamejirudia kiasi cha kuwa kanuni. Yote mawili yako kwenye kabati la chuma karibu na dirisha. Ukija kuripoti kwetu, utapewa hayo kwanza, kompyuta baadaye.