Wiki tatu zimebaki: uongeze ama upunguze?

Ndugu yangu, umesema umebakisha wiki tatu kabla ya traiathlon yako ya kwanza, ile ya kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40 na mbio 10, na unauliza kama uongeze tizi kwa vile unahisi bado hujatosha. Usiongeze, nakuomba sana.

Mimi mara yangu ya kwanza nlikuwa na hofu hio hio, basi siku nane kabla nkapanda baiskeli kutoka Nyali mpaka Kilifi na kurudi, zaidi ya kilomita 100, jua la utosi, nafika Mtwapa nkirudi mikono yatetemeka hata breki siishiki vizuri. Siku yenyewe mapaja yalikuwa mazito toka asubuhi na zile mbio karibu nusu nlitembea. Zoezi la leo halikupi nguvu kesho, mwili wataka wiki na zaidi kulifanyia kazi, lakini uchovu wake waupata papo hapo. Kwa hivo wiki hii endelea kama kawaida, ijayo punguza theluthi hivi, ya mwisho bakisha nusu ama chini ya hapo, ila spidi usiiguse, vipande vifupi vya kasi viweko mpaka siku mbili tatu za mwisho, la sivyo miguu inasinzia.

Muda utakaouokoa uweke baharini. Umesema kuogelea wafanyia kwenye bwawa la hoteli, na huku baharini hakuna mstari wa chini wa kufuata. Kila mikono sita hadi nane inua macho kidogo tu, tafuta alama moja ufukweni, rudisha uso majini. Na angalia maji kwanza! Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa kwetu Mombasa maji hujaa alfajiri na jioni, ukija saa nne asubuhi yamekupwa utatembea juu ya mwamba na miiba ikuchome nyayo. Kila siku saa ya maji kujaa huchelewa kama dakika 50, kwa hivo saa ya jana si saa ya leo. Na usiingie peke yako, tafadhali.

Halafu jasho. Unyevu wa Mombasa jasho halikauki, ladondoka tu, na lisipokauka halipozi mwili. Jipime kilo kabla ya mazoezi na baada, kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Mimi nlipoona ukanda wa helmeti umefanya ukoko mweupe wa chumvi ndio nkaelewa kwa nini maji matupu yalikuwa yanitia kichefuchefu, tangu hapo natia chumvi kidogo na sukari na ndimu kwenye chupa.

Chakula usijaribu kitu kipya. Mbaazi za nazi na mahamri ziache mpaka umalize, kwangu mkate na asali na ndizi mbili masaa matatu kabla zatosha.

Baiskeli ipeleke kwa fundi sasa hivi, si wiki ya mwisho, na kiti usikipandishe tena hata nusu inchi. Na ukitoka majini helmeti ifunge kabisa kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, usiifungue mpaka umeirudisha mahali pake, hio ni sheria na watu huadhibiwa kwayo. Ifanyie mazoezi nyumbani na mikono ikiwa imerowa, vidole vikitetemeka kile kifungo hakishikiki.