Benki haimwagi zege la msingi

Mwezi uliopita rehani iliyokuwa juu ya hati ya kiwanja changu cha Mbezi Beach, Dar es Salaam, ilifutwa kwa Msajili wa Hati, nami nikaandika hapa kwa ufupi kwamba deni la benki nililojengea nyumba zangu limekwisha. Miongoni mwa waliojibu yumo msomaji mwenye kiwanja Goba, ambaye benki imemwambia kwamba inaweza kumkopesha shilingi milioni 600 ajenge nyumba za kupangisha, na swali lake ni moja tu: aanze lini? Nimeona nimjibu kwa urefu, kwa kuwa najua wengi wenu mna viwanja vyenye hati vinavyoota majani huku kodi ya ardhi ikilipwa kila mwaka, na mnachokitaka ndicho nilichokitaka mimi.

Mkopo wa ujenzi hauingii kwenye akaunti siku ya kusaini. Hutolewa kwa awamu, na kila awamu hufuata kazi iliyokwisha kufanyika: mkadiriaji majenzi anapima kilichojengwa na kutoa hati ya malipo, benki inamtuma mkaguzi wake aende kujiridhisha, kisha ndipo fedha zinapotoka. Kabla hata ya awamu ya kwanza, benki hutaka kuona fedha zako mwenyewe zimetangulia kuingia ardhini. Jengo langu ni la sakafu nne, lenye nyumba 12 za vyumba viwili, na gharama yake ilikadiriwa kuwa shilingi bilioni 1.05, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani. Benki ilikubali kutoa milioni 680, na milioni 370 zilizobaki zilikuwa juu yangu. Hizo zangu, zilizotokana na shamba nililoliuza Bagamoyo na faida ya miaka mingi ya duka la vipuri, ndizo zilizochimba msingi, zikamwaga jamvi na kusimamisha nguzo za chini. Shilingi ya kwanza ya benki ilikuta jengo limeshatoka ardhini.

Benki hiyo haikuwa ya kwanza niliyoibishia hodi. Ya kwanza niliingia nikiwa na michoro iliyopitishwa, kibali cha ujenzi cha manispaa, makadirio ya gharama na mkandarasi aliyesajiliwa na CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, katika daraja linaloruhusu kazi ya ukubwa ule. Afisa mikopo alifunua faili, akalifunga, akaniuliza mume wangu atakuja lini. Nilidhani anaulizia ridhaa ya mwenzi, ambayo sheria inaitaka nyumba ya familia inapowekwa rehani, nami nilikuwa nayo imeshasainiwa. Sivyo. Alitaka kuzungumza na mwenye mradi. Nilimwambia kwamba anazungumza naye, na baada ya wiki kadhaa nikapata barua ya mistari miwili ya kukataliwa isiyotaja sababu. Jina la benki hiyo silitaji, lakini sifichi kwamba nilipoandika habari ya mwezi uliopita nilitamani afisa yule aisome.

Tuje kwenye riba, ambako ndiko wengi wanakoumia. Wakati wa ujenzi riba hutozwa kwa fedha ulizokwisha kuchukua, si kwa mkopo wote, na kwa kawaida hulipi deni lenyewe mpaka kipindi cha ujenzi kiishe. Chukua milioni 680 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, ukizichota polepole kwa miezi 18: kwa wastani unakuwa na nusu yake mkononi, kwa hiyo riba inafika karibu milioni 82. Sasa jengo likichelewa miezi sita ilhali mkopo wote umeshatoka, miezi hiyo sita peke yake inaongeza zaidi ya milioni 54. Hakuna tofali lililoongezeka kwa fedha hizo. Nami nilijenga kati ya mwaka 2022 na 2024, kipindi ambacho dola ilipanda kutoka takriban shilingi 2,300 hadi kupita 2,600, kwa hiyo vigae, alumini na nyaya za umeme vilipanda bei huku kiwango cha mkopo kikibaki pale pale. Benki haikuongeza hata senti, na haikuwa na wajibu wa kuongeza. Nilikuwa nimetenga asilimia 10 ya gharama kando kwa ajili ya mambo kama hayo, na ndugu walionicheka kwamba ninaogopa kivuli changu waliacha kucheka tulipofika kwenye umaliziaji. Hata Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), pamoja na wahandisi na mawakili wake wote, lilikaa miaka ujenzi wa majengo yake ya Kawe na Morocco, hapa hapa Dar es Salaam, ukiwa umekwama hadi liliporuhusiwa na serikali kukopa zaidi. Wewe na mimi hakuna atakayetupa ruhusa ya namna hiyo.

Lakini swali kubwa kuliko yote, na msomaji wangu hakuliuliza, ni nani atakayelipa deni jengo likiisha. Anasema ni wapangaji. Tupige hesabu. Milioni 680 kwa asilimia 16 kwa miaka kumi ni marejesho ya takriban milioni 11.4 kila mwezi. Nyumba 12 kwa kodi ya shilingi 700,000 zikijaa zote, bila hata bomba moja kupasuka, zinaleta milioni 8.4. Kodi haiwezi kulibeba deni hilo, na anayekwambia inaweza hajawahi kukaa na kikokotoo. Ndiyo maana tangu michoro nilipanga kuuza nusu ya nyumba. Sheria ya mwaka 2008 (Unit Titles Act) inaruhusu sehemu ya jengo kuwa na hati yake yenyewe, na nyumba sita nilizouza kwa wastani wa milioni 130 kila moja ndizo zilizomaliza deni. Wanunuzi wawili walilipa kwa mikopo ya nyumba, fedha zikaenda moja kwa moja kwenye benki yangu. Hilo liliwezekana kwa kuwa mkataba wangu wa mkopo ulikuwa na kifungu kinachoilazimisha benki kuachia rehani ya nyumba moja moja kadiri kila moja inavyolipiwa. Bila kifungu hicho mnunuzi hapati hati mpaka deni lote liishe, na mnunuzi mwenye akili hakubali kungoja.

Jamani, tuache kusaini mikataba tusiyoisoma kwa sababu chumba cha benki kina kiyoyozi. Tuache pia kuchukua fedha ya awamu tukachangia harusi kwa matumaini kwamba awamu ijayo itaziba pengo. Mkaguzi akija atapima ukuta, hatapima ukarimu wako.

Kwa kiwanja cha Goba, basi, usichimbe bado. Iandikie benki ikupe kwa maandishi kiasi inachotaka utangulize, idadi ya awamu, siku inazochukua kulipa baada ya hati ya malipo, na kifungu cha kuachia nyumba moja moja. Siku hizo za kusubiri zizidishe kwa malipo ya mkandarasi wako ya siku moja. Kiasi utakachopata uwe nacho taslimu, nje ya mchango wako, kabla katapila halijafika.