Saksafoni ya zamani haiponi kwa polishi

Swali: Fundi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mombasa. Marehemu ami yangu, aliyekuwa mpulizaji wa bendi za dansi, ameniachia saksafoni alto aina ya Conn. Imekuwa nyeusi kama sufuria ya mkaani, na mgongoni imegongwa tarehe ya 8 Desemba 1914. Noti za juu zinatoka vizuri, lakini nikishuka kuanzia F sauti inagugumia, na B-flati ya chini haitoki kabisa. Fundi mmoja hapa mtaani ameniambia atasawazisha matundu kwa tupa, achune weusi wote, apige polishi na vanishi ya dhahabu, kwani shaba ya zamani ikishang'aa ndipo inapolia. Nimpe? Na je, chombo cha umri huu kina faida gani kwa mtu anayetaka kukipuliza, si kukitundika ukutani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimpe. Na kama umeshampa, kaichukue kabla ya magharibi. Akikudai pesa ya kuifungua tu, mlipe uondoke nayo.

Tarehe kwanza, maana ni jambo dogo. Hiyo 1914 si mwaka iliotengenezwa. Ni tarehe ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya namna ya kuvuta matundu kutoka kwenye bomba lenyewe, na Conn, kule Elkhart, Indiana, waliendelea kuigonga kwenye saksafoni zao kwa miaka mingi baadaye. Umri husomwa kwenye namba ya chombo iliyogongwa hapo hapo karibu. Kwa ulivyoieleza, nadhani yako ni ya miaka ya 1920, wakati Wamarekani walipopagawa na saksafoni na viwanda vikazitoa kama mikate. Nyingi za wakati ule zilichovywa fedha. Kwa hiyo huo weusi uwezekano mkubwa ni fedha iliyosawijika, na kitambaa laini cha kusafishia vito kitakuonyesha ukweli kwa kusugua mahali padogo. Huyo bwana anataka kuchuna fedha halisi ili apake dhahabu ya kopo.

Hilo la tupa ndilo lililoninyima usingizi. Pitisha kidole kwenye ukingo wa tundu lolote kubwa. Kama ni Conn ya enzi hizo, utasikia ukingo umekunjwa kwa nje, mviringo, kama mdomo wa sufuria. Tundu la saksafoni ya kawaida lina ukingo ulionyooka, na fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuusawazisha kwa tupa kidogo sana, akijua anachofanya. Ukingo uliokunjwa hauguswi na tupa. Tupa inakula mgongo wa mkunjo mpaka unatoboka, na kuurudisha hapo ni kulehemu kipande kwa kipande, kazi ambayo mafundi wachache wataikubali. Tundu la namna hii likipinda huinuliwa polepole kwa kusukumwa kutoka ndani, kidogo, unapima, kidogo tena. Nimewahi kuletewa alto moja iliyopigwa tupa matundu yote. Mwenyewe aliileta akiwa na furaha, eti imebaki kubadilishwa pedi tu, vile vizibo laini vya ndani ya vifuniko. Sikujua nimwambieje.

Sasa ugonjwa wenyewe. Noti za juu zikitoka na za chini zikagugumia, saksafoni inavuja, na mara nyingi inavuja juu ya pale inapoanza kugoma. Polishi haizibi hewa. Zima taa usiku, ingiza ukanda wa taa ndogo za LED ndani ya bomba, funga vifuniko taratibu kwa nguvu ile ile unayotumia ukipiga, kisha tazama mwanga unapopenya. Usibonyeze kwa hasira. Pedi mbovu ukiikandamiza inaziba, unajidanganya. Halafu piga F ya chini, na ukiwa unaipuliza bonyeza kitufe cha G-shapu. Sauti ikibadilika, kifuniko cha G-shapu kinafunguka wakati kilitakiwa kubanwa, na dawa yake huenda ni kipande chembamba cha kizibo au mzunguko mdogo wa skrubu.

Kisha kuna shingo, ambayo wengi hawaitazami. Alto za Conn za miaka hiyo nyingi zina kirekebisha sauti kwenye ncha ya shingo, pete unayozungusha badala ya kusogeza kipulizio, kile kipande cha mdomoni. Ndani yake mkichakaa, hewa inatoroka kabla haijafika hata kwenye bomba. Chomoa shingo, hakikisha kifuniko cha oktava kimeshuka, ziba upande mmoja kwa kiganja na upulize upande wa pili. Ukisikia hewa inapita, umempata mmoja wa wezi.

Pedi nazo ni ngozi juu ya feliti. Kwa unyevu wa pwani na wadudu wa sandukuni, pedi za zamani sitarajii zifae. Alto ina pedi zaidi ya 20, na kuzibadilisha zote kwa gundi ya shelaki, kila moja ikikalishwa sawa kwenye tundu lake, ni kazi ya siku kadhaa. Mtu akikuahidi kuimaliza jioni ya leo, muulize anatumia nini. Nimeona supaglu. Nimeona tyubu ya baiskeli iliyokatwa mviringo. Nimeona vifuniko vimefungwa kwa mipira ya kufungia noti za pesa, na mwenye chombo anasifiwa kwa ubunifu.

Nije kwenye shaba, maana hapo ndipo fundi wako anaposema lile linaloniudhi kuliko tupa yake. Watu wameaminishwa kwamba sauti ya saksafoni ya zamani imo kwenye madini. Utasikia kwamba Selmer Mark VI, saksafoni maarufu iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1954, iliyeyushwa kutokana na maganda ya mizinga ya vita. Utasikia shaba ya kale ilikuwa na siri, au kwamba vanishi ya kwanza ikitoka roho imetoka nayo. Na mwingine, kama huyu wako, anageuza: vanishi mpya inarudisha roho. Hawa wawili wanabishana, lakini wote wanaangalia ngozi.

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, jana na leo. Kinacholia ni hewa iliyo ndani. Bomba linapanuka kwa kasi gani kutoka shingoni hadi mdomo mpana, matundu yamekaa wapi na yana ukubwa gani, vifuniko vinainuka kiasi gani, kipulizio kina nafasi gani ndani yake: hapo ndipo Conn inapotofautiana na Selmer. Mwaka 1953 Charlie Parker, mpulizaji mkubwa wa jazi wa Marekani, alipanda jukwaani ukumbi wa Massey Hall, Toronto, akiwa na alto ya plastiki nyeupe aina ya Grafton. Rekodi ipo. Isikilize halafu uniambie ni maganda ya mizinga gani yaliyokuwa yakilia. Na sisi tuliokua tukimsikia Verckys akipuliza saksafoni na OK Jazz, bendi ya Kongo, sikumbuki hata mmoja aliyeuliza saksafoni yake ni ya mwaka gani.

Polishi ya mashine, kwa upande wake, inaharibu kwa hakika. Gurudumu linakula chuma, michoro inafutika, na dawa ya kung'arishia ina mchanga laini unaoingia kwenye vyuma vya bawaba na kuvisaga kila unapocheza vidole. Miezi michache baadaye vifuniko vinalegea, vinakaa upande, na saksafoni inayong'aa kama kinara cha harusi inavuja kuliko ilivyokuwa nyeusi.

Uliniuliza faida yake. Ipo, na nisingependa makelele yangu yakufanye uiuze. Conn ya enzi hizo ikizibwa vizuri ina sauti pana, nzito, isiyo na makali, inayojaza chumba bila kipaza sauti. Noti za chini zinatoka kifuani. Inakupa uhuru wa kuipinda sauti hivi na vile, na adhabu yake ni kwamba usipokuwa na sikio, utatoka nje ya tyuni. Vitufe vya kidole kidogo cha kushoto ni vigumu na vimekaa kizamani. Mkono uliozoea saksafoni za sasa utalalamika mwezi wa kwanza. Ukitaka wepesi wa vidole, alto mpya ya Kijapani itaishinda hiyo yako kwa raha. Ukitaka ile sauti, hakuna njia ya mkato.

Kipulizio alichokiacha ami yako sandukuni usikitupe, hata kama kinanuka. Vya zamani vina chumba kikubwa ndani, na chombo kilipimwa kwa hivyo. Weka kipulizio cha kisasa chembamba chenye makali, noti za juu zitapanda na za chini zinaweza kutetemeka kama pikipiki. Wapulizaji wengine hudondosha kizibo cha chupa ya mvinyo ndani ya mdomo mpana ili kunyamazisha mtetemo huo. Mara nyingine inafanya kazi, sicheki, ila kwanza ziba mivujo.

Wanaonisoma wakitaka kununua za zamani mtandaoni, tahadhari ni zile zile. Picha ikiwa inawaka kama sahani mpya, jiulize nini kimechunwa. Shingo ikiwa imeinama katikati kama mtu aliyechoka, kuna aliyeibinya kwa nguvu, na tyuni yake imeondoka. Hakikisheni ni alto kweli: wakati ule ziliuzwa pia saksafoni za C kwa watu wa kupiga nyumbani na piano, na ile ya Conn yenye shingo iliyonyooka inafanana sana na alto iliyokua. Wauzaji wengine hawajui tofauti. Wengine wanaijua vizuri sana.

Nawe, mwanangu, kabla hujatumia hata shilingi ya pedi, chukua taa na usome herufi iliyo karibu na namba ya chombo. Ukikuta L, ina maana imepimwa kwa noti A ya mitetemo 440 kwa sekunde, ile tunayopiga leo, na tunaweza kuendelea. Ukikuta H, ilipimwa kwa tyuni ya juu ya zamani, karibu 457, na kila tundu limekaa kwa hesabu hiyo. Kuvuta kipulizio nje hakusaidii, utashusha noti moja na kuharibu nyingine. Hiyo itabaki ukumbusho wa ami yako, pedi zake usinunue.

Niandikie umekuta ipi.